Lucia di Lammermoor: barua ya kughushi, saini moja na vifo vitatu

Muulize mtu aliyeiona opera ya Lucia di Lammermoor mara moja inahusu nini, atakwambia ni kisa cha msichana aliyerukwa na akili kwa mapenzi. Hata kwaya humwambia Edgardo, mpenzi wake, hivyo hivyo katika onyesho la mwisho: mapenzi yamemwondolea akili. Sikubaliani nao. Mapenzi ya Lucia ndiyo kitu pekee kilichokuwa kizima katika nyumba ile. Kilichomvunja ni njama ya makaratasi: barua zilizozuiwa njiani, barua moja ya kughushi, na hati ya ndoa aliyoshurutishwa kuitia saini. Ukiyafuata makaratasi hayo, yalivyotoka mkono huu hadi ule, opera ambayo wengi huiona imejaa majina magumu na fitina zisizoshikika inafunguka yenyewe.

Gaetano Donizetti aliitunga mwaka 1835 kwa muda wa wiki chache tu, na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Septemba mwaka huo katika ukumbi wa San Carlo, Napoli. Siku tatu kabla yake, Vincenzo Bellini, mtunzi pekee aliyeweza kushindana naye, alikuwa amefariki karibu na Paris akiwa na umri wa miaka 33. Maneno ya opera yaliandikwa na Salvadore Cammarano, aliyekitoa kisa katika riwaya ya Mskochi Walter Scott ya mwaka 1819, The Bride of Lammermoor. Scott naye hakukitunga kutoka hewani. Mwaka 1669 huko Uskochi binti mmoja, Janet Dalrymple, mtoto wa mwanasheria mashuhuri, aliozeshwa kwa mwanamume asiyemtaka ilhali alikwisha kuahidiana na mwingine. Alifariki wiki chache baada ya harusi.

Katika riwaya, anayemshindilia binti mpaka akubali ni mama yake mzazi. Cammarano alimwondoa mama huyo. Ndani ya opera mama amefariki karibuni, Lucia bado yuko matangani, na mamlaka yote juu ya maisha yake yameshikwa na kaka yake, Enrico. Naliona hilo kuwa badiliko bora kuliko yote aliyoyafanya mwandishi huyu. Mama aliyekufa hawezi kumtetea mwanawe, lakini kila anayetaka kumshurutisha Lucia hulitaja jina lake. Marehemu anageuzwa kuwa fimbo ya kumchapia binti yake.

Sasa ugomvi wenyewe. Nyumba ya Ashton na nyumba ya Ravenswood ni mahasimu wa damu. Akina Ashton wameichukua ngome na mali ya akina Ravenswood, na Edgardo, wa mwisho katika ukoo huo, amebakiwa na mnara uliochakaa uitwao Wolf's Crag na kaburi la baba yake, ambaye kifo chake anakiweka juu ya akina Ashton. Juu ya kaburi hilo ameapa kisasi. Enrico kwa upande wake anaonekana mshindi, lakini ameegemea upande wa kisiasa uliokwisha kuanguka, na asipopata wa kumwokoa atauawa kama msaliti. Mwokozi yupo, naye ni Arturo Bucklaw, kijana mwenye mali na mwenye sikio la wakubwa. Njia ya kumpata ni kumpa Lucia.

Watazamaji wengi hupotea hapa wakitafuta siasa hizo katika historia ya kweli. Enrico anasema William amekufa na Mary atapanda kwenye kiti cha enzi. Katika historia ya Uingereza Mary wa pili alifariki mwaka 1694, na William, mumewe, akafuata mwaka 1702. Mpangilio wa opera hauendani na huo, na hakuna haja ya kuupatanisha. La kushika ni moja: shingo ya Enrico iko hatarini, na ana dada mmoja wa kuikomboa.

Kuna mtu mwingine ambaye orodha za wahusika humtaja mwisho, naye ndiye wa kumkazia macho tangu mwanzo. Anaitwa Normanno, mkuu wa walinzi wa Enrico. Pazia linapofunguka, yeye ndiye anayewatuma watu wapekue magofu kumtafuta mgeni anayeonekana karibu na ngome. Raimondo, mchungaji wa nyumba na mwalimu wa Lucia, anajaribu kumtetea binti: analia kaburini kwa mama yake, atawezaje kufikiria ndoa? Normanno anamkatiza. Lucia anapenda, anasema. Kuna siku fahali alimkimbilia karibu na kaburi la mama yake, mtu mmoja akamwua mnyama yule kwa risasi, na tangu hapo wawili hao hukutana kila alfajiri. Mtu huyo ni Edgardo. Enrico anawaka. Watu waliotumwa wanarudi na kuthibitisha kwamba wamemwona, na Enrico anaapa kwamba huruma yoyote imekuja kwa kuchelewa.

Tusimame kidogo kwenye muziki, kwa sababu bila kuujua mjengo wake mtu huona nyimbo hizi ni mapambo tu. Opera za Italia za enzi ile, zile tunazoziita za bel canto, yaani uimbaji mzuri, zilikuwa na desturi. Wimbo mkubwa huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, mwimbaji anakaa ndani ya hisia moja na kuinyoosha kwa pumzi ndefu. Ya pili ni ya haraka, huitwa kabaleta, nayo huimbwa mara mbili, na mara ya pili mwimbaji huipamba kwa sauti yake mwenyewe. Katikati ya hizo mbili lazima kitokee kitu cha kubadili hali: mjumbe anaingia, mlio unasikika nje, neno linasemwa. Hasira ya Enrico ni ya polepole kwanza, wawindaji wanaleta habari, kisha kabaleta inalipuka. Katika Lucia habari hizo za katikati karibu zote ni shoka. Kila mara mhusika anapotulia ndani ya wimbo, mtu anaingia na jambo la kumng'oa. Donizetti aliichukua desturi iliyozoeleka ya ukumbini akaifanya mtambo wa msiba.

Lucia tunamkuta kwenye chemchemi, giza la jioni likiingia, pamoja na mwandani wake Alisa. Kinubi kinamtangulia kwa wimbo mrefu wa peke yake. Anasimulia kwamba mahali hapo mwanamume wa ukoo wa Ravenswood alimuua mpenzi wake kwa wivu, na kwamba yeye Lucia amekiona kivuli cha marehemu kikimwashiria, kisha maji yakageuka damu. Alisa anamwambia hiyo ni dalili mbaya, aachane na mapenzi haya. Hiyo ndiyo habari ya katikati, nayo Lucia anaipita kana kwamba hakuisikia. Kabaleta yake ni furaha tupu. Wasomi wengine huichukua hadithi ya kivuli kama ushahidi kwamba alikuwa na kasoro ya akili tangu awali. Mimi naisoma kinyume. Anakijua vizuri kinachowapata wanawake katika ugomvi wa koo hizi mbili, naye amechagua kupenda huku macho yakiwa wazi.

Edgardo anafika na kusema anasafiri kwenda Ufaransa kwa shughuli ya nchi. Kabla hajaondoka anataka kwenda kwa Enrico, ampe mkono wa amani na kumwomba Lucia. Lucia anaogopa, anamsihi wafiche. Edgardo anakasirika, anakikumbuka kiapo chake kaburini, kisha anapoa. Wanavalishana pete na kuapa mbele ya Mungu kwamba wameoana. Wimbo wao wa kuagana, Verranno a te, unasema pumzi zao zitabebwa na upepo mpaka kwa mwenzake. Wanaahidiana pia kitu cha kawaida zaidi: barua.

Barua hizo hazikufika hata moja. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili miezi inapita jukwaani pasipo kuonyeshwa, na pazia linapofunguka tena Enrico na Normanno wanazungumza kama wafanyabiashara wawili waliokwisha kufunga hesabu. Barua za Edgardo zote zimezuiwa. Imeandikwa nyingine ya uongo, inayoonyesha kwamba Edgardo amepata mwanamke mwingine Ufaransa. Normanno anamkabidhi Enrico karatasi hiyo, halafu anatumwa kwenda kumpokea bwana harusi. Mazungumzo haya ni mafupi mno. Mtu akipitiwa kidogo tu, ameukosa moyo wa hadithi.

Lucia anaingia akiwa amepauka. Enrico anaanza kwa upole, yeye anamjibu kwamba amekwisha kumwahidi mwingine. Ndipo anapewa barua. Anaisoma, na sauti inayofuata si ya kelele. Ni wimbo mdogo uliovunjika, anasema aliteseka akilia, moyo wake wote aliuweka kwa mtu mmoja, na sasa mauti yamemfikia. Kabla hajamaliza kuyapokea hayo, nje kunasikika shangwe: Arturo anawasili. Hiyo ndiyo habari ya katikati safari hii, ngoma za harusi yake mwenyewe. Enrico anageuza sauti. Ukinisaliti, anamwambia, mimi nimekwisha. Utaliona shoka lenye damu mbele ya macho yako siku zote. Ni maneno ya mtu anayeogopa kufa, na nakiri kwamba Donizetti anatufanya tuione hofu hiyo kuwa ya kweli. Lakini mwenye hofu ya kweli anaweza kufanya ukatili wa kweli.

Halafu anakuja Raimondo, na mimi hapa ndipo ninapoumia zaidi. Huyu anampenda Lucia. Aliwahi kumsaidia kumpelekea Edgardo barua kwa njia aliyoiamini kuwa salama, na jibu halikurudi. Kwa hiyo anakuja kama shahidi mwaminifu wa jambo la uongo: kimya cha Edgardo, anasema, ni ushahidi kwamba amekusahau. Lucia anauliza, na kiapo chetu je? Mchungaji anajibu kwamba kiapo kisichobarikiwa na mtumishi wa Mungu hakitambuliwi mbinguni wala duniani. Kisha anamtaja mama yake aliyezikwa, na hatari ya kaka yake. Enrico alimtisha na bado Lucia hakukubali. Anakubali kwa Raimondo, kwa sababu ni mtu mwema.

Ukumbi wa harusi. Arturo anauliza mbona bibi harusi ana huzuni. Enrico anajibu, bado anamlilia mama yake. Lucia analetwa, anasogezwa mezani, anatia saini, na anasema kwa sauti ya chini: nimeandika hukumu yangu. Punde tu baada ya wino huo mlangoni kunasikika vurugu. Edgardo ameingia.

Hapo kila kitu kinasimama na wanaimba watu sita kwa pamoja. Wimbo huu, Chi mi frena in tal momento, ni mashuhuri kiasi kwamba watu wasioijua opera wanaufahamu, lakini kuna jambo ndani yake la kusikiliza kwa makini. Wanaoanza ni Edgardo na Enrico, wawili wanaotaka kuuana, na wanaanza kwa pamoja juu ya nyuzi za okestra zinazodonolewa taratibu. Kila mmoja anajiuliza kinachomzuia asichomoe upanga, na kila mmoja anakiri kwamba ni huruma kwa Lucia. Wanaume hawa wanakubaliana jambo moja maishani, nalo wanaliimba kimoyomoyo, hakuna anayemsikia mwenzake. Lucia anaingia baadaye akisema alitumaini hofu ingemuua, hata machozi yamemkimbia. Arturo, Raimondo na Alisa wanajiunga, na juu ya wote inapanda sauti ya Lucia. Muziki ni mzuri mno, na uzuri huo si kosa. Hii ndiyo dakika pekee ambapo watu sita wote wanaona ukweli, kila mtu peke yake.

Muda unaanza kukimbia tena. Edgardo anaonyeshwa hati. Anamuuliza Lucia: saini hii ni yako? Anajibu ndiyo. Hana nafasi ya neno la pili. Edgardo anairudisha pete yake, anaidai ya kwake, na kuilaani saa aliyompenda. Yeye naye ameamini karatasi. Kwa upande huu hana tofauti na wengine, na ni haki kusema hivyo japo muziki wake hutuvutia kumpenda.

Sehemu ya tatu huanza na dhoruba katika mnara wa Wolf's Crag. Enrico anamfuata Edgardo mpaka pale, anamwambia kwa makusudi kwamba Lucia sasa yuko kwenye chumba cha bwana wake, na wanaahidiana kupigana kwa panga alfajiri, kati ya makaburi ya akina Ravenswood. Ngomeni kwa akina Ashton watu bado wanacheza. Raimondo anakatiza sherehe. Amesikia mguno chumbani, amekimbilia ndani, amemkuta Arturo sakafuni hana uhai, na Lucia ameushika upanga wa mumewe mwenyewe. Alimkazia macho mchungaji, akatabasamu, akauliza: mume wangu yuko wapi?

Onyesho la kurukwa na akili linalofuata huchukua zaidi ya robo saa, nalo ndilo lililoibeba opera hii kwa karibu miaka 200. Donizetti aliliandikia ala ya vioo inayochezwa kwa vidole vilivyoloweshwa maji, yenye sauti isiyojulikana inatokea wapi. Kwa maonyesho ya kwanza ilibadilishwa kwa filimbi, na leo kumbi kadhaa zimeirudisha. Yale mashindano marefu ya sauti na filimbi ambayo watu husubiri kwa hamu hayakutoka kwa Donizetti, yaliongezwa baadaye katika karne ya 19. Yanapendeza, ila yasikuzibe masikio usisikie anachosema.

Anasema nini? Anaisikia sauti ya Edgardo. Anamkaribisha wakae kwenye chemchemi, na okestra inaukumbuka wimbo wao wa kuagana. Kivuli kinatokea na kuwatenganisha. Kisha anaiona harusi: ubani unafuka, mishumaa inawaka, mchungaji amefika, nipe mkono wako. Ni harusi aliyonyimwa, na anaifunga mwenyewe mbele ya wageni wa ile aliyolazimishwa. Hapo katikati, kwenye kile kipengele cha kubadili hali, anaingia Enrico kwa ghadhabu. Lucia anamwona Edgardo mbele yake na kumjibu: ni kweli, niliitia saini ile karatasi. Anamwona akiikanyaga pete na kumlaani. Halafu anatoa ushahidi wake: nilikuwa mhanga wa kaka katili, lakini wewe nilikupenda siku zote. Anausema mbele ya kaka mwenyewe, mbele ya wageni wote. Akiwa na akili timamu alipewa nafasi ya neno moja, ndiyo. Wazimu ndio uliompa nafasi ya kujieleza. Kabaleta yake, Spargi d'amaro pianto, inamwomba mpenzi wake amwage machozi juu ya mwili wake duniani, naye atamwombea mbinguni.

Kwa miongo mingi sehemu hii ilichukuliwa kama uwanja wa sauti nyepesi kuonyesha ufundi. Mwimbaji Maria Callas katika miaka ya 1950 aliirudishia uzito wake, na mwenzake Joan Sutherland mwaka 1959 katika ukumbi wa opera wa Covent Garden, London, alionyesha kwamba ufundi wa hali ya juu na huzuni vinaweza kukaa koo moja.

Desturi ya wakati ule ingeruhusu opera iishie hapo, na soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu anayemwigiza Lucia, apigiwe makofi ya mwisho. Donizetti alikataa. Anatupeleka makaburini, ambako Edgardo anasubiri pambano akitaka kuuawa, huku akiamini kwamba Lucia anastarehe na mumewe. Msafara unatoka ngomeni na kumwambia Lucia yuko katika roho ya mwisho, anamtaja yeye. Kengele inalia. Raimondo anafika: amefariki. Edgardo anajichoma jambia, na anaporudia wimbo wake kwa mara ya pili hana tena pumzi ya kuupamba. Selo, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, inaubeba, yeye anatia maneno machache kadiri anavyoweza. Ile mara ya pili ya kabaleta, ambayo kazi yake ni mapambo, imekuwa kukata roho. Barua ya kughushi hakuna aliyemweleza.

Kabla ya kununua tiketi au rekodi, tafuta kwanza kama haikukatwa. Kwa muda mrefu kumbi zimezoea kuondoa vipande vitatu ili kuokoa muda: Raimondo kumshawishi Lucia, mnara wa Wolf's Crag, na mabishano mafupi baada ya onyesho la wazimu. Cha kwanza kikikosekana, Lucia anaonekana amekubali kirahisi kwa sababu ya barua moja. Cha pili kikikosekana, hujui Edgardo anafanya nini makaburini usiku ule. Cha tatu ndicho kifupi kuliko vyote, na kukikata ni dhuluma. Ndani yake Raimondo anamgeukia Normanno na kumwambia kwamba yeye ndiye aliyewasha cheche ya kwanza, damu hii ni yake. Hakuna mahali pengine popote katika opera ambapo mtu huyo anatajwa kwa kosa lake. Wakikiondoa, mkuu wa walinzi anatoka jukwaani mikono ikiwa safi, na lawama yote inamwangukia marehemu na mapenzi yake.